Uvimbe na Kufura kwa Mwili

Uvimbe, katika istilahi ya tiba, ni nyama mpya inayoota mwilini pale seli zinapozaana pasipo haja na pasipo kutii kanuni ya kiungo zilimozaliwa. Huweza kuwa salama, yaani wa kukaa mahali pake bila kuvamia, kama ule wa mafuta unaoota chini ya ngozi. Au huweza kuwa wa saratani, wenye kupenya nyama za jirani na kutawanya seli zake hata viungo vya mbali kwa njia ya damu na limfu. Aina zote mbili zaweza kuufurisha mwili, lakini si kwa njia moja, na mwenye kuzifahamu njia hizo huelewa kwa nini mahali panapofura pengine sipo penye maradhi.

Njia ya kwanza ni dhahiri, kwamba nyama iliyoota ndiyo itokezayo yenyewe: donge katika titi, tezi za shingoni, kwapani au kinenani zilizojaa kwa saratani iliyoanzia humo humo au iliyohamia kutoka penginepo, au tumbo la mwanamke lililokua mfano wa mja mzito kwa sababu ya faibroidi za kizazi, ambazo, ijapokuwa huweza kuwa kubwa mno, si saratani.

Mfano mashuhuri wa njia hii ulidhihirika Uganda. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alionyeshwa mtoto aliyefura taya zote mbili, kulia na kushoto. Na muda si mwingi baadaye akamwona mtoto mwingine huko Jinja mwenye taya zilizofura vivyo hivyo, naye ana vivimbe tumboni pia, ndipo akatambua kwamba mambo yaliyodhaniwa kuwa mbalimbali yalikuwa maradhi yale yale. Aliyatangaza kwa makala mwaka 1958; na mwaka 1961, pamoja na wenzake wawili, alisafiri kwa gari yapata maili 10,000, akiuliza hospitali kwa hospitali kutoka Uganda kwenda kusini, akabaini kwamba maradhi hayo hukaa penye joto na mvua na kuadimika katika nyanda za juu zenye baridi, mipaka inayolandana sana na ile ya malaria. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waliona, ndani ya seli za saratani hiyo, kirusi ambacho leo chaitwa Epstein-Barr. Limfoma ya Burkitt hukua kwa kasi ipitayo karibu saratani zote, hata uso wa mtoto ukabadilika kwa siku chache. Lakini kasi hiyo hiyo huifanya itii dawa, na watoto wengi watibiwao mapema hupona.

Njia ya pili imefichika zaidi, nayo ni ya kuzuia mapito. Saratani ya pafu ikiubana mshipa mkuu uirudishao moyoni damu ya kichwa na mikono, uso na shingo hufura, na pumzi huwa ya taabu. Saratani ya shingo ya kizazi ikizibana vena na mirija ya limfu ya nyonga, miguu hufura, kama maji ya mfereji yafurikavyo upande wa juu wa mahali palipozibwa. Saratani ya Kaposi, ambayo Moritz Kaposi aliieleza huko Vienna mwaka 1872, nayo huweza kuuvimbisha mguu hata ukashabihi matende. Aidha, saratani huifanya damu iwe nyepesi kuganda, na mguu mmoja ukifura ghafula kwa maumivu ni jambo la dharura, kwa kuwa donge la damu laweza kung'oka likaenda mapafuni.

Tena kuna kufura kwa maji. Saratani ya ovari au ya ini hulijaza tumbo maji, hali ambayo wahenga waliiita istiska. Na ini lililoharibika, likishindwa kutengeneza protini ya kutosha katika damu, huyaacha maji yapenye nje ya mishipa yakae miguuni. Ndani ya fuvu la kichwa, nyama zilizouzunguka uvimbe wa ubongo hufura pia, na kwa kuwa mfupa hauna nafasi ya kutanuka, mgonjwa huumwa kichwa na kutapika.

Hata hivyo, si kila kufura ni saratani: moyo, figo, utapiamlo, jeraha na minyoo ya matende huufurisha mwili mara nyingi zaidi, na hukumu haipatikani kwa kutazama wala kwa kubonyeza, bali kwa picha za ndani na kwa kipande cha nyama kilichochunguzwa kwa hadubini. Linalowaponza wengi ni kudhani kwamba kisichouma hakina madhara, ilhali saratani nyingi huanza pasipo maumivu yoyote. Kwa hiyo donge gumu linalozidi kukua, tezi isiyonywea baada ya wiki kadhaa, au taya la mtoto linalofura huku meno yake yakilegea, lapasa kuonyeshwa kwa tabibu mapema, maana ukubwa wa uvimbe siku ya kwanza ya matibabu ni miongoni mwa mambo yanayoamua mwisho wake.