Githurai 45: mji ulioota kwenye mshono wa udongo

Fundi aliyezoea kujenga Githurai, viungani mwa Nairobi, hahitaji ramani. Akipiga sururu mara tano sita na kutupa nje koleo la kwanza, anajua yuko upande gani wa barabara ya Thika na mfuko wa mwenye ploti utatoboka kiasi gani. Juu kuelekea Kiambu, koleo linatoka na udongo mwekundu unaomeguka mkononi kama ugali wa jana. Chini kuelekea Mwihoko, linatoka na kitu cheusi kinachonata, kinachong'ang'ania chuma hadi mtu akikwangue kwa kijiti. Hapo hakuna mjadala. Watachimba futi tatu, nne, hata zaidi, mpaka weusi wote uishe na changarawe au mwamba utokee, ndipo malori ya mawe yaanze kuitwa. Nyumba haijaonekana, na pesa za chumba kizima zimeshafukiwa.

Nimesimama kando ya mashimo ya namna hiyo mara nyingi, na kila mara naona kwamba historia ya Githurai 45 tunaianzia mwisho. Tunaianzia kwenye nambari ya basi. Ni kweli jina limetoka huko: magari ya njia ya 44 yalipita barabara ya Kamiti, ya 45 yakapita barabara ya Thika, na tarakimu hizo zikaitenga Githurai moja na nyingine hadi leo. Lakini kabla ya basi palikuwa na shamba, kabla ya shamba palikuwa na malisho, na chini ya vyote pana mshono: matuta ya Kiambu yanakwisha, nyanda za Athi zinaanza. Kila aliyefika hapa, awe na mbuzi, na mche wa kahawa au na hati ya ploti, amepangiwa maisha na mshono huo.

Asili ya udongo wote huu ni moja, lava na majivu ya volkano za enzi za kupasuka kwa Bonde la Ufa. Kilichoutenganisha ni maji. Kwenye miteremko inayoshuka kutoka milima ya Nyandarua mvua ni nyingi na haituami. Inapenya, inapita, inaondoka na madini yanayoyeyuka, na chuma kinachobaki kinapigwa na hewa hadi kishike kutu. Wekundu wa Kiambu ni kutu. Mteremko unapolegea, kwenye kimo cha mita 1,500 na kitu hivi, maji hukosa pa kwenda. Yanakaa, yanakauka, yanarudi msimu ujao, na mwamba uleule unaoza kuwa mfinyanzi mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Huo ndio watu wanaouita udongo wa pamba. Mwezi wa Februari nyufa zake humeza kiganja kizima. Masika ikipiga, hujifunga, na maji yanayofuata hubaki juu.

Wakikuyu wa matuta walikuwa wamelielewa umbo hili zamani. Tuta, yaani rugongo, ndilo lililokuwa nchi, na mito iliyolizingira ndiyo iliyokuwa mipaka. Misimu waliiita kwa mazao yake: mvua ya Machi hadi Mei ni mvua ya njahi, ya Oktoba hadi Desemba ni mvua ya mwere. Hata jina la Ruiru, mto na mji, ni maelezo ya maji, kwa kuwa rui ni mto, na mto mweusi ni rui ruiru. Nyanda za chini, zenye nyasi nyingi na udongo unaovunja jembe, zilikuwa malisho ya Wamaasai. Hapa kati palikuwa ukingo, mkulima juu na mfugaji chini, biashara na vita vikipishana.

Walowezi walipogawiwa ardhi mwanzoni mwa karne ya 20, mshono uliwapanga na wao, wapende wasipende. Nyandani, Mmarekani William Northrup McMillan alijitwalia shamba la Juja, na mwaka 1909 akampokea huko Theodore Roosevelt aliyekuja kuwinda. Huko chini ilikuwa nchi ya wanyama, ng'ombe na katani. Udongo mwekundu ulienda kwa kahawa, na ndiyo sababu mtu wa Githurai amezungukwa na majina ambayo hayafikirii tena: Kahawa Sukari, Kahawa Wendani, Kahawa West.

Kahawa ilitaka vitu vitatu, na matuta yalikuwa navyo vyote: udongo wenye kina usiotuamisha maji, ubaridi wa mawingu wa Juni hadi Agosti, na mto. Mto haukuwa pambo. Tunda likichumwa lazima limenywe upesi, punje zichachushwe, kisha zioshwe kwa maji mengi, kwa hiyo kila shamba lilitaka kuugusa mto au kuchimba bwawa lake. Wenyeji waliopaswa kuufaidi udongo huo walizuiwa kupanda kahawa kwa sehemu kubwa ya ukoloni. Waliruhusiwa kuichuma tu. Na unyevu uleule unaoifaa kahawa unaufaa pia ukungu unaoozesha matunda machanga. Kituo cha utafiti kilichoko Ruiru kilipambana nao kwa miaka mingi hadi mwaka 1985 kilipotoa mbegu inayoustahimili, Ruiru 11. Mkulima wa Kirinyaga au Nyeri anayeitaja mbegu hiyo anautaja mto wetu bila kujua.

Reli nayo ilifuata mshono. Kupandisha njia juu ya matuta kungemaanisha daraja baada ya daraja, kwa hiyo wahandisi walishika ukingo wa chini, na mwaka 1913 treni ikafika Thika. Thika yenyewe ilikua pale mito ya Chania na Thika inapokaribiana, yenye maporomoko, maji ya viwandani na baadaye mananasi mpaka macho yachoke. Barabara ilifuata ukingo uleule. Mistari hiyo miwili, reli na lami, ndiyo iliyoamua mahali soko la Githurai litakapokaa, na nyanya zimepangwa kando ya reli hadi leo.

Baada ya Uhuru vyama na kampuni za kununua ardhi zilichukua mashamba ya walowezi waliokuwa wakiondoka, zikayakata. Nadhani udongo uliamua bei kuliko dalali yeyote. Shamba la kahawa lilikuwa bado linaleta pesa, kwa hiyo mengi yalibaki mazima kwa miaka mingi. Weusi wa nyandani haukuwa na wa kuulilia. Mfanyakazi wa Nairobi aliyetaka ploti yake mwenyewe ya futi hamsini kwa mia aliipata huko kwanza, akafurahia bei, na shimo la msingi likaja kumdai kilichobaki. Mwaka 2009 sensa iliwahesabu watu kama 238,000 katika mji wa Ruiru, ambamo Githurai 45 imo. Mwaka 2019 walikuwa zaidi ya 490,000. Kati ya hesabu hizo mbili, Novemba 2012, Rais Mwai Kibaki alifungua barabara kuu mpya ya Thika, na magorofa ya Githurai yakaanza kugusana mabega.

Sasa maji. Hili ndilo linaloniuma. Mito ya upande huu wa nchi imeinywesha Nairobi kwa vizazi: Bwawa la Ruiru lililokamilika mwaka 1950, Sasumua mwaka 1956, kisha Ndakaini mwaka 1994, lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70 hivi. Githurai iko katikati ya vyanzo na mnywaji, na bado asubuhi zake zinaanza kwa mlio wa mitungi ya lita 20 ikigongana kwenye mkokoteni. Mpaka wa kaunti unaikata Githurai vipande viwili, Nairobi huku, Kiambu kule, kila upande na kampuni yake ya maji. Mwaka 2022 Bwawa la Karimenu II kule Gatundu Kaskazini lilizinduliwa, na sehemu ya maji yake ni ya Ruiru na Juja. Lakini wenye magorofa wengi walishachimba visima virefu vyao, na miamba hii ya volkano hutoa maji yenye floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya Nairobi na Kiambu hupita hapo. Mtoto akikulia kwenye maji hayo, meno yake huota na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki.

Maji tunayoyakosa mfereji ukikauka ndiyo hutufuata masika. Matuta yaliyofunikwa kwa mabati, saruji na lami hayanywi tena mvua. Yanaisukuma chini, na huko chini udongo mweusi umeshajifunga. Kijito ambacho zamani kilijaa polepole kwa siku mbili sasa hujaa kwa saa moja. Aprili na Mei 2024, mafuriko yalipoua watu zaidi ya 200 nchini, Githurai ilikuwa miongoni mwa mitaa ya Nairobi na viunga vyake iliyofurika, na serikali ikawaamuru waliojenga kingoni mwa mito wahame. Wapangaji walibeba magodoro kichwani. Mwenye nyumba aliyewapangishia kwenye njia ya maji, na aliyemwidhinishia ramani, hawakuonekana wakibeba chochote.

Mvua ya namna hiyo haiishii hapa. Vijito vyetu huishia Mto Athi, Athi hupita Maporomoko Kumi na Manne, huzunguka mlima wa Ol Donyo Sabuk, huvuka Tsavo ikiitwa Galana, na huingia baharini ikiitwa Sabaki, kati ya Malindi na Mambrui. Masika bahari ya pale hugeuka nyekundu, na wavuvi wanajua kwamba bara kumenyesha.

Sokoni kina mama wameshajifunza. Wingu likisimama upande wa Kiambu, kreti za nyanya hupandishwa juu ya matofali, moja, kisha la pili, na mbao huwekwa kwa wateja kukanyagia. Na kwenye steji, alfajiri ya mvua, wanaokwenda kazini mjini huvua gambuti, huvaa viatu walivyobeba kwenye mfuko, na kumwachia mpiga viatu rangi mabuti yao hadi jioni. Yanapangwa ukutani jozi kwa jozi. Matope yakianza kukauka, mengine yanakuwa mekundu na mengine meusi, na kabla magari ya saa kumi na mbili hayajajaa unaweza kujua nani amelala upande gani.