Pesa ya Haleluya Kuu ilikwenda wapi?

Nimekuwa kimya kwa muda, mnisamehe. Kazi za chumba cha habari zilinibana mpaka nikasahau kama nina ukumbi huu. Leo sina siasa. Leo nataka tuongee juu ya kwaya, na hasa juu ya wimbo mmoja ambao karibu kila aliyepitia kwaya ya kanisa hapa kwetu ameuimba, au amewahi kuaibika nao kwa kuropoka pale penye kimya, kabla ya ile Haleluya ya mwisho. Mimi niliaibika nao nikiwa kidato cha pili. Besi nzima iligeuka kuniangalia.

Desemba iliyopita mhariri wangu alinituma kwenye tamasha la mwaka la kwaya moja hapa Dar es Salaam. Kanisa lilifurika. Palikuwa na wanakwaya wa sauti zote nne, vinanda viwili, fidla kadhaa na tarumbeta, na watu walilipa kiingilio mlangoni. Walipofika kwenye Haleluya Kuu, kanisa zima likasimama. Nikapiga picha ya mgeni rasmi, nikaandika jina lake na cheo chake, nikawa najiandaa kuondoka. Mama mmoja mtu mzima aliyeketi jirani yangu akanigusa bega.

"Mwanangu, wewe si mwandishi wa habari?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hebu niulizie. Hii hela tunayotoa hapa kila mwaka, inakwendaga wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Kesho yake habari yangu ikatoka, maneno mia tatu na picha, lakini swali lake halikuwemo. Mwandishi wa habari anafundishwa kufuata pesa, na mimi niliiacha pale pale mlangoni. Basi nikaamua kuifuata kuanzia mwanzo kabisa, yaani tangu huo wimbo ulipoimbwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Nilichokikuta kimeninyima usingizi kidogo.

Haleluya Kuu ni kipande tu cha kazi kubwa iitwayo Messiah. Mtunzi wake ni George Frideric Handel, Mjerumani aliyehamia Uingereza akafanya makazi London. Maneno yalikusanywa kutoka kwenye Biblia na Charles Jennens. Handel alianza kuandika muziki tarehe 22 Agosti 1741, na tarehe 14 Septemba alikuwa amemaliza. Siku 24 tu! Ukiuimba wote unatumia zaidi ya saa mbili.

Wengi tunadhani wimbo mtakatifu kama huu ulizaliwa kanisani. Hapana. Ulizaliwa kwenye ukumbi wa muziki katika mtaa wa Fishamble, mjini Dublin, Ireland, tarehe 13 Aprili 1742. Waimbaji wengi walitoka katika kwaya za makanisa makuu mawili ya mji huo. Mkuu wa kanisa mojawapo alikuwa Jonathan Swift, yule yule mwandishi wa safari za Gulliver, na kuna wakati alitaka kuwazuia watu wake wasiende kuimba huko. Mwishowe waliimba.

Siku ile watu walikuwa wengi kuliko ukumbi. Magazeti yalikuwa yamewaomba akina mama wasivae zile gauni zenye mapete makubwa ndani, na wanaume wasije na panga kiunoni, ili nafasi ipatikane. Wakaingia watu wapatao 700. (Mnaona? Hata wakati ule gazeti lilikuwa na kazi kwenye tamasha la kwaya.)

Sasa tufuate pesa. Tangazo la gazetini lilisema wazi, kabla ya siku yenyewe, kwamba mapato yangegawanywa kwa taasisi tatu: wafungwa, Mercer's Hospital na hospitali nyingine ya maskini iliyoitwa Charitable Infirmary. Zilipatikana kiasi cha pauni 400. Fungu la wafungwa lilikwenda kwa watu waliofungwa kwa sababu ya madeni. Enzi zile ukishindwa kulipa deni unatupwa ndani, na ukiwa humo ndani unadaiwa pia gharama za kukaa humo. Utalipaje wakati umefungiwa? Mtu aliweza kuozea gerezani kwa deni dogo tu.

Fungu hilo la tamasha liliwatoa wadeni 142.

Ndugu msomaji, soma tena hiyo namba. Watu 142 walirudi nyumbani kwao kwa sababu kundi la wanakwaya na wapiga fidla walikaa mchana mmoja wakaimba. Kila mara tunapoimba Haleluya Kuu tunafikiria mbingu, mimi nikiwemo. Wale 142 nadhani walifikiria mlango.

Handel akarudi London, na huko mwaka 1743 Messiah haikupokewa vizuri. Watu walilalamika kwamba maneno ya Mungu yanaimbwa kwenye jumba la maigizo, tena na waigizaji. Kazi hiyo ilikuja kupata nguvu pale ilipopewa tena kazi ya kufanya.

Kulikuwa na nahodha wa zamani wa meli, Thomas Coram, aliyekerwa na kuwaona watoto wachanga wametupwa barabarani London. Alihangaika miaka mingi akiomba sahihi za wakubwa mpaka mwaka 1739 akapata kibali cha mfalme kuanzisha Foundling Hospital. Jina lisikuchanganye, haikuwa hospitali ya dawa na sindano. Ilikuwa nyumba ya kulelea watoto waliotelekezwa. Akina mama waliokuja kuleta watoto walikuwa wengi kuliko nafasi, ikabidi wachote vibumba kutoka kwenye mfuko. Kibumba cheupe, mtoto anapokelewa. Chekundu, subiri pengine nafasi itabaki. Cheusi, rudi na mwanao. Aliyefanikiwa aliacha kipande cha kitambaa au nusu ya sarafu, ili siku mambo yakimnyookea arudi na kumtambua mwanawe. Wengi hawakurudi.

Tarehe 1 Mei 1750 Handel aliongoza Messiah katika kanisa la nyumba hiyo. Watu walikuwa wengi hadi wengine wakarudishwa mlangoni, ikabidi waimbe tena wiki mbili baadaye. Kuanzia hapo ikawa desturi ya kila mwaka hadi 1777, miaka 18 baada ya Handel mwenyewe kufariki. Inakadiriwa kuwa jumla iliyopatikana ilikaribia pauni 7,000, mali nyingi sana kwa wakati huo. Katika wosia wake Handel aliiachia nyumba hiyo nakala ya nota zote, ili waendelee kuimba bila kumwomba mtu.

Hapo ndipo ilipoanzia hii tabia ya kuimba Messiah kila mwaka. Watu waliizoea kwa sababu kila mwaka iliwarudisha kwenye jambo lile lile, kwamba kuna watoto na wanahitaji kula.

Ningeishia hapa, ingekuwa makala tamu ya Krismasi na mngenipongeza. Lakini nimesema nafuata pesa, na pesa ina tabia ya kukupeleka usikotaka.

Handel alikuwa mwanamuziki mwenye akili ya fedha. Alinunua hisa. Mtafiti David Hunter alipopekua daftari za zamani za kampuni za Uingereza, alilikuta jina la Handel kati ya wenye hisa za Royal African Company, mwaka 1720. Aliwahi pia kuwa na hisa za South Sea Company. Kampuni hii ya pili ilikuwa na kibali cha kupeleka watumwa kwenye makoloni ya Hispania kule Amerika. Ile ya kwanza ilichukua Waafrika kutoka pwani ya Afrika Magharibi na kuwavusha Atlantiki, na wanahistoria wanasema hakuna kampuni nyingine moja iliyovusha wengi kuliko hiyo. Idadi inakisiwa kuwa watu 150,000 hivi. Na hakuwa peke yake. Mmoja wa matajiri waliomwajiri, Duke wa Chandos, alikuwa na mali nyingi ndani ya kampuni hiyo hiyo.

Nilipolisoma hilo niliweka kitabu chini. Nikakumbuka kidato cha pili, besi nzima, sote watoto weusi tumevaa mashati meupe, tunapaza sauti ya mtu huyo.

Wapo watakaosema, ah, zama zile kila mtu mwenye hela alifanya hivyo. Si kweli kwamba kila mtu alifanya. Wapo watakaosema tuuache wimbo. Mimi sijaweza kukubaliana na upande wowote kwa urahisi. Mkono ule ule ulioandika muziki uliowatoa wadeni 142 gerezani ulipokea cheti cha hisa za meli za minyororo. Kama wahenga wetu walivyosema, fedha fedheha. Ukitaka kuhesabu, hesabu zote mbili.

Na kwetu hapa kuhesabu zote mbili si jambo geni. Kanisa Kuu la Anglikana pale Mkunazini, Zanzibar, lilianza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, mwaka ule ule soko lilipofungwa. Watu wanaimba pale. Hawakusubiri ardhi isahau ndipo waimbe, na mgeni akifika wanamwonyesha ilikuwa nini.

Baada ya Handel, Messiah ilitoka mikononi mwa waimbaji wa kulipwa ikaenda kwa watu wa kawaida: wafumaji, walimu, wakulima. Mfano ninaoupenda ni mji mdogo wa Lindsborg, jimbo la Kansas, Marekani. Ulianzishwa mwaka 1869 na wahamiaji wa Kilutheri kutoka Sweden. Walilima, wakaishi kwa shida, na mwaka 1881 mchungaji wao Carl Swensson akaanzisha shule iliyokuja kuwa Bethany College. Pesa hakuna. Mkewe, Alma Swensson, akakusanya wakulima na vijana akaanza kuwafundisha Messiah, kwa Kiingereza, lugha ambayo haikuwa ya nyumbani kwao. Tarehe 28 Machi 1882 wakaimba kanisani, kisha wakaipeleka miji ya jirani ili shule ipate chochote. Ikawa desturi ya kila mwaka ya majira ya Pasaka, kwaya na okestra ya wenyeji, karne nzima na zaidi.

Msomaji wa Singida, kaa vizuri. Lindsborg ilikuwa chini ya sinodi ya Augustana, na sinodi hiyo ndiyo iliyoleta wamisionari Tanganyika miaka ya 1920, baada ya Wajerumani kuondolewa, wakafanya kazi mpaka Iramba na Turu. Kwa hiyo wale wakulima wa Kansas si watu wa mbali kama tunavyodhani.

Jambo moja dogo kabla sijamaliza. Mmeambiwa kwamba tunasimama kwenye Haleluya Kuu kwa sababu Mfalme George wa Pili alisimama. Hakuna shahidi aliyeiandika habari hiyo siku zile. Ilianza kusimuliwa miaka mingi baadaye. Simameni tu, lakini msimsingizie mfalme.

Haya, turudi kwa yule mama. Wiki iliyofuata nilimtafuta mwalimu wa kwaya ile. Ni mtu muungwana, hakunificha kitu. Akaniambia mapato yalilipa sare mpya, na yaliyobaki yalikwenda kupunguza deni la spika na vinanda.

Deni! Nikajikuta natabasamu. Kwamba miaka yote hii baadaye, Haleluya Kuu bado inalipa madeni, ila safari hii mdeni ni kwaya yenyewe.

Simlaumu. Kwaya haiimbi bila vyombo, na sare nazo zinachakaa. Nilimwuliza kitu kimoja tu: kwa nini hilo halikutangazwa mlangoni? Akakaa kimya, kisha akasema hakuna aliyewahi kuuliza.

Ndiyo hivyo. Dublin walitangaza gazetini kabla ya siku, kila aliyelipa akajua analipia nini. Nadhani hicho ndicho tunachoweza kuchukua kutoka kwa Handel bila kuchukua hisa zake. Tamasha moja kwa mwaka, na karatasi moja mlangoni inayosema hela hii inakwenda wapi. Iwe spika, sawa. Iwe ada ya mtoto, sawa zaidi. Iwe faini ya mtu anayesota ndani kwa kukosa laki moja, basi hapo tutakuwa tumeuimba kama ulivyoimbwa siku ya kwanza.

Desemba ijayo nitakwenda tena, na safari hii nitalipa kiingilio kama watu wengine. Nitamtafuta yule mama nikae jirani naye. Na nitakuwa makini na kile kimya.