Miaka 40 ya Handsworth Songs, filamu iliyowagombanisha Rushdie na Stuart Hall

Mwaka huu Handsworth Songs inatimiza miaka 40. Ni filamu ya makala ya saa moja hivi, kazi ya vijana Weusi wa Uingereza waliojiita Black Audio Film Collective. Wanaosoma historia ya sinema wanaijua kwa mtindo wake. Wengine waliisikia kwanza kwa ugomvi uliozuka Januari 1987 katika kurasa za gazeti la The Guardian, na ugomvi huo ndio unaostahili kusimuliwa upya.

Kikundi kilianzia chuoni Portsmouth mwaka 1982, kisha kikahamia Hackney, London. Mwongozaji wa filamu, John Akomfrah, alizaliwa Accra mwaka 1957, na familia yake iliondoka Ghana baada ya mapinduzi yaliyompindua Rais Nkrumah. Akomfrah na wenzake hawakuwa wa kwanza: Lionel Ngakane wa Afrika Kusini na Horace Ové wa Trinidad walikwishatengeneza filamu zao London kwa jasho kubwa. Safari hii, hata hivyo, fedha zilikuwepo. Ghasia za Brixton za mwaka 1981 ziliwashtua wakubwa, na mwaka uliofuata chama cha wafanyakazi wa filamu kilikubaliana na kituo cha televisheni cha Channel 4 pamoja na taasisi ya filamu ya BFI kwamba vikundi vidogo vipewe ruzuku na uhuru wa kufanya kazi kwa namna yao.

Septemba 1985 Handsworth, mtaa wa Birmingham wenye Wakaribi na Waasia wengi, uliwaka. Ndugu wawili waliokuwa wakiendesha posta walifia ndani ya moto. Kabla mwezi haujaisha, polisi wa London walimpiga risasi Cherry Groce nyumbani kwake Brixton. Siku chache baadaye Cynthia Jarrett alianguka na kufa polisi wakipekua nyumba yake Tottenham. Waziri wa Mambo ya Ndani, Douglas Hurd, alisema ghasia hizo ni uhalifu na uporaji, basi.

Akomfrah na wenzake walikataa kuuliza swali la waandishi wa habari, yaani nani alirusha jiwe la kwanza. Waliingia kwenye maktaba za picha, wakatoa wahamiaji wa Karibi wakishuka melini wamevaa kofia na suti zao nzuri, mafundi Weusi viwandani, harusi, dansi. Picha hizo wakazipanga bega kwa bega na moto wa 1985. Trevor Mathison akatengeneza sauti nzito, yenye mwangwi wa muziki wa dub, inayomfuata mtazamaji mpaka mwisho. Msimulizi haelezi mambo kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Anasema kama mtu anayekumbuka.

Salman Rushdie hakupendezwa hata kidogo. Alikuwa mwandishi mkubwa, mshindi wa tuzo ya Booker ya mwaka 1981. Tarehe 12 Januari 1987, katika barua yake kwa The Guardian, aliandika kwamba Handsworth imejaa hadithi, lakini filamu haikuzisikiliza. Imeturudishia moto na polisi tuliokwishawaona kwenye televisheni, na lugha ya msimulizi wake imechoka. Anayetaka kusimulia yasiyosimuliwa, alisema, lazima kwanza apate lugha yake.

Siku tatu baadaye alijibiwa na Stuart Hall, msomi kutoka Jamaika ambaye kizazi kizima cha Waingereza Weusi kilijifunza kwake. Hall aliona kwamba Rushdie alikuwa akiidai lugha mpya huku akishindwa kuitambua ilipo mbele yake: filamu hii inahangaika, kwa makusudi, kuachana na desturi ya makala za ghasia. Tena, nani amempa Rushdie mamlaka ya kuamua nyimbo zipi za Handsworth ndizo zenyewe? Kisha akaingia Darcus Howe, aliyewahi kuhariri jarida la Race Today, akasimama upande wa Rushdie: kazi ya Mweusi isipigiwe makofi kwa sababu tu ni ya Mweusi.

Nimesoma barua zote tatu katika kijitabu kilichohaririwa na Kobena Mercer na kutolewa na ukumbi wa sanaa wa ICA, London, mwaka 1988. Howe ana hoja ya kuheshimiwa. Lakini nasimama na Hall. Rushdie alitaka watu wa Handsworth waongee, na wanaongea, ila wengi wao wanaongea kutoka kwenye zile picha za zamani, nyuso zao zikiwa na matumaini ambayo mtazamaji anajua yaliishia wapi. Hakuna mahojiano ya barabarani yangeweza kufanya hivyo.

Filamu ilipata tuzo ya Grierson. Ruzuku za Channel 4 zilikauka, na mwaka 1998 kikundi kikavunjika. Agosti 2011, London ilipowaka tena, jumba la Tate Modern liliionyesha filamu hiyo mbele ya umati. Akomfrah sasa ni Sir, na mwaka 2024 aliiwakilisha Uingereza kwenye maonyesho ya Venice.

Heshima hiyo anaistahili, lakini kuna kinachoniuma. Handsworth Songs iliagizwa kwa ajili ya televisheni, ionekane sebuleni kwa wale wale iliowahusu. Leo imekuwa mali ya majumba ya sanaa na wasomi. Channel 4 ndiyo iliyoiagiza. Mwaka huu wa 40 iirudishe hewani, saa ambayo watu wa Handsworth wako macho, na baada yake barua ya Rushdie, ya Hall na ya Howe zisomwe hadharani, kisha wakazi wenyewe waulizwe nani alikuwa na haki.