Mama Wilson alipoingia kwenye kikao chetu cha ukoo, Kyela

Nimekuwa kimya wiki tatu na baadhi yenu mmeanza kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa nyumbani Kyela kwenye msiba wa baba mdogo. Leo nataka kuwasimulia habari ya vitabu, ila vumilieni, kuna mambo ya ukoo humo ndani.

Kwa zaidi ya mwaka nimekuwa nakusanya vitabu vilivyoandikwa juu ya kwetu. Kama hujui, ule mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, kuanzia mto Songwe mpaka Matema chini ya Milima ya Livingstone, umeandikwa sana. Mwaka 1875 E. D. Young alilizunguka ziwa na meli yake Ilala, akaenda kuandika kitabu. Mwaka 1877 akapita James Frederic Elton, mwaka 1879 Joseph Thomson. Mwaka 1891 wakaja wamisionari wa Kijerumani, Wamoraviani na wale wa Berlin, watu wasiochoka kuandika. Kati ya 1934 na 1938 wakaja mtu na mkewe, Godfrey na Monica Wilson, kuchunguza maisha ya Wanyakyusa. Godfrey alifariki mwaka 1944. Monica aliishi mpaka 1982, na ndiye aliyetoa vitabu vinavyotajwa mpaka leo.

Sasa, maoni ya maprofesa juu ya vitabu hivi yapo tele. Nikajiuliza, maoni ya wanaoandikwa humo je? Basi nilipoitwa msibani nikabeba begi zima la fotokopi. Nilidhani jioni za matanga zitanipa muda wa kuwasomea watu na kuwasikiliza. Muda niliupata, na cha moto nikakiona pia.

Nilianza na Thomson. Kijana yule wa Kiskoti alikuwa na umri wa miaka ishirini na moja tu, kiongozi wa msafara wake Keith Johnston amefia njiani huko Behobeho, yeye akaendelea mbele. Alipofika kwetu akaona migomba, nyumba safi na ng'ombe walionona, akaandika kana kwamba amefika peponi. Binamu yangu ambaye ni dereva wa bodaboda pale Ipinda alinisikiliza nikimtafsiria, kisha akauliza swali moja tu: "Huyo alipita mwezi wa ngapi?" Nikamwambia ilikuwa kiangazi, karibu na Septemba. Akacheka. "Angekuja Aprili, maji yamejaa mpaka mlangoni, tungeona kama angeandika hivyo hivyo."

Jamani, nimesoma uchambuzi mwingi wa Thomson, lakini hakuna ulionifumbua macho kama swali hilo. Anayejua mafuriko ya Kyela anajua kwamba pepo ile ina ratiba yake.

Kilichofuata ni kitabu cha Monteith Fotheringham cha 1891, juu ya vita vya Karonga. Huyu alikuwa wakala wa kampuni ya biashara ya Waskoti iliyopigana na Mlozi, mfanyabiashara wa watumwa na pembe za ndovu, kuanzia 1887. Lugard naye, yule aliyekuja kuwa mtu mkubwa huko Uganda na Nigeria, alijeruhiwa kwa risasi kwenye vita hivyo mwaka 1888, na yeye pia akaandika yake. Jirani mmoja anayefanya biashara mpakani Kasumulu, ambaye ana ndugu ng'ambo ya Songwe, hakufurahi hata kidogo. Wangonde ni ndugu zetu, lugha zetu zinasikilizana. "Wamekufa watu wengi pale ziwani," alisema, "na jeraha la mtu mmoja ndilo limepata kurasa." Mlozi alinyongwa mwaka 1895. Jirani hakumwonea huruma, alichotaka ni majina ya wale wengine.

Kilichopendwa zaidi ni cha Marcia Wright cha 1971, kinachohusu misheni za Wajerumani nyanda za juu za kusini. Mzee mmoja wa kanisa alitaka nimsomee mara mbili habari za Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari Wajerumani walipoondolewa na walimu wa Kiafrika wakabaki na makanisa mikononi mwao. Alitikisa kichwa akasema, "Ndaga fijo." Baba yake alikuwa mmoja wa walimu wa namna hiyo. Hakuwahi kujua kwamba kuna mtu ameyaandika.

Basi bwana, tuje kwa Mama Wilson.

Kitabu chake maarufu kinaitwa Good Company, kilitoka 1951. Jina hilo ni tafsiri yake ya neno letu ukwangala, yaani kukaa pamoja na wenzako, kula pamoja, kuzungumza na kufurahiana. Anaeleza kwamba zamani wavulana wakifika umri wa miaka kumi hivi walihama kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao pembeni, wakakua pamoja, wakaoa wakiwa hapo, na kijiji kikawa cha rika moja. Sababu mojawapo ilikuwa heshima. Mke wa kijana hakutakiwa kukutana kabisa na baba mkwe wake, sasa mngekaaje kijiji kimoja?

Bibi alipolisikia neno ukwangala likitoka kwenye kitabu cha Kiingereza alifurahi mno. Akanisimulia jinsi mama yake alivyokuwa akiingia kwenye migomba kumkwepa mkwe. Halafu akauliza, "Huyo mama alikuwa anaongea na nani? Nani alimtafsiria?" Nikamwambia kulikuwa na karani wao, Mnyakyusa, Leonard Mwaisumo, aliyezaliwa 1910 na kufariki 1938 akiwa bado kijana. Jina lake halipo kwenye jalada. Ilichukua mpaka mwaka 2013 ndipo Andrew Bank na Leslie Bank walipotoa kitabu kinachowaweka mbele wakalimani na wasaidizi kama yeye. Bibi akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo kitabu ni cha wawili," akasema.

Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri.

Siku ya kikao cha ukoo, baba mkubwa, ambaye ni mwalimu mstaafu, alisimama akiwa na karatasi mkononi. Nikazitambua. Zilikuwa fotokopi zangu! Alikuwa ameniazima jana yake, nami nikampa kwa moyo mweupe. Akavaa miwani, akasoma kwa Kiingereza, akatafsiri. Ni pale Monica Wilson anapoandika kwamba mali ya marehemu hupita kwanza kwa ndugu zake wa tumbo moja kabla ya kushuka kwa watoto. Mstari wenyewe nilikuwa nimeupigia kalamu nyekundu mimi mwenyewe.

Marehemu ameacha ekari mbili za kakao karibu na mto Mbaka. Amemwacha mama mdogo na watoto watatu, wa mwisho yuko darasa la pili. Mama mdogo ndiye aliyekuwa akichuma, akipasua, akichachusha na kuanika ile kakao miaka yote. Baba mkubwa akamaliza kwa kusema, "Hii si tamaa yangu. Ni mila zetu, na zimeandikwa." Wanaume wawili watatu wakaitikia kwa vichwa. Mama mdogo alikuwa ameangalia chini tu. Kikao kikaahirishwa mpaka kesho yake.

Wadau, usiku ule sikulala. Mimi ndiye niliyeileta ile karatasi kutoka Dar.

Nikawasha tochi ya simu nikafungua mafungu ambayo nilikuwa sijayagusa. La kwanza lilikuwa utafiti wa Philip Gulliver wa 1958 juu ya umiliki wa ardhi Unyakyusa. Anaonyesha jinsi ardhi ilivyokuwa adimu na watu walivyoanza kushikilia mashamba yenye mazao ya kuuza. Kwa maana nyingine, ule utaratibu wa vijana kuhama na kugawiwa sehemu mpya ulikuwa unakufa. Nikakuta makala ya Michael McKenny ya 1973, anayehoji kama vijiji vya rika viliwahi kuwa hivyo kweli, au Wilson alielezwa zaidi jinsi mambo yanavyopaswa kuwa. Mwisho nikafungua kitabu cha Monica Wilson mwenyewe cha 1977, For Men and Elders. Kitabu kizima kinahusu mabadiliko, baina ya vizazi na baina ya wanaume na wanawake, kati ya 1875 na 1971. Imo kwenye jina dogo la kitabu, juu kabisa, huhitaji hata kufungua.

Yaani mwandishi ambaye baba mkubwa alimfanya shahidi alikuwa ameandika kitabu kingine akisema watu hawa wanabadilika. Na mimi nilikuwa nimebeba vyote viwili, nikakazana kukitangaza kile chenye hadithi tamu.

Asubuhi nikaomba ruhusa ya kusema, kama mtoto wa ukoo. Nikasema ninaheshimu kitabu, nakipenda kwa kweli. Lakini kiliandikwa kutokana na miaka ya 1934 hadi 1938, wakati vijana wa kwetu walikuwa wakienda machimbo ya dhahabu ya Lupa, na urithi uliozungumzwa zaidi ulikuwa ng'ombe. Nikaeleza kwamba mila ikishaandikwa huweza kugeuka jiwe. Mwaka 1963 serikali ilitoa Tangazo la Sheria za Mila, likaandika kwamba mjane hana fungu kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Wajane wawili kutoka Shinyanga walilipeleka suala hilo mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema haki zao zilivunjwa. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi ni batili.

Baba mkubwa akajibu kwamba watoto wa siku hizi tunajua sheria kuliko watu. Hakukosea sana. Maneno yangu yalikuwa ya karatasi, kama yake.

Aliyemaliza ni bibi. Alimuuliza mwanawe kwa upole, "Tata, zamani ndugu akirithi ng'ombe, nani alikuwa analisha watoto wa marehemu?" Baba mkubwa akasema, "Ni yeye aliyerithi." Bibi akauliza tena, "Hilo limo kwenye karatasi yako? Na wewe uko tayari kuwasomesha hawa watatu?" Kimya. Akaendelea, "Usichukue nusu ya mila."

Shamba limebaki kwa mama mdogo na wanawe. Baba mkubwa bado ananisalimia kwa ufupi, na ninamwelewa. Naye alikuwa msomaji wa kitabu kama mimi, kila mmoja alisoma alichokuwa anakitafuta.

Kitabu cha habari za kweli ni ushahidi wa watu fulani, wa mwaka fulani, kwa masikio ya mtu fulani. Ukikisoma bila kuuliza alipita mwezi wa ngapi, na nani alimtafsiria, unaweza kumnyang'anya mtu shamba kwa Kiingereza kizuri kabisa. Hata hivyo sisemi tuvitupe. Bila Wright, yule mzee wa kanisa asingemkuta baba yake na wenzake kitabuni. Bila Wilson, nisingemsikia bibi akisimulia habari za mama yake na migomba.

Kabla sijaondoka, ukoo ulinipa kazi ya kuandika muhtasari wa kikao. Nikaandika tarehe, majina ya wote waliokuwepo, na maneno ya mama mdogo mwenyewe, si ya waliomsemea. Bibi akaniambia nimsomee. Nilipofika katikati akanisimamisha, akasema pale nimekosea, hakusema hivyo. Nikafuta, nikaandika upya.