Tarehe ya Hekalu la Neasden, Lenye Shina Mombasa

Kila inapoandikwa habari ya hekalu kubwa la Wahindu la Neasden, London, sifa hugawiwa nchi mbili: India iliyochonga mawe na Uingereza yalikosimamishwa. Afrika Mashariki haitajwi, au hutajwa kwa kupita. Dhuluma hiyo na ikome. Wengi waliolijenga hekalu lile ni watu wa Mombasa, Nairobi, Kampala na Jinja, na huko ndiko walikozoea kuendesha ibada na sikukuu kwa nguvu zao wenyewe.

Jumuiya ya BAPS, ya Wahindu Waswaminarayan, ndiyo yenye hekalu hilo; iliasisiwa na Shastriji Maharaj huko Bochasan, Gujarat, mwaka 1907. Afrika Mashariki iliingia na watu wa kazi, wakiwemo mastesheni masta wa reli, waliokutana majumbani kuimba na kusoma. Mwaka 1955 Yogiji Maharaj, mrithi wa Shastriji, alivuka bahari akafungua hekalu la Mombasa. Alirudi mwaka 1960, na Kampala, Jinja na Tororo zikapata mahekalu yao. Waswaminarayan wa Kutch, walio tawi jingine, nao walikuwa na lao Nairobi tangu 1945.

Yogiji ndiye nguzo ya habari hii. Juni 1970, akiwa na miaka 78, alifungua hekalu dogo Islington, London, ndani ya jengo lililokuwa kanisa. Wazee husimulia kwamba alitabiri London itapata hekalu la mawe lenye minara. Alifariki Januari 1971. Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka. Wenzao wa Kenya walikuwa wakihama kwa wingi tangu 1968. Waliofika London walitafuta kwanza pa kusalia. Islington ikawa finyu, na mwaka 1982 jumuiya ikahamia Neasden, katika jengo lililokuwa ghala.

Hapa lazima isimuliwe ajabu ya mawe ya hekalu jipya lililojengwa Neasden. Tani zaidi ya 2,800 za mawe ya chokaa kutoka Bulgaria na tani 2,000 za marumaru ya Carrara, Italia, zilipakiwa melini hadi India. Mafundi zaidi ya 1,500 wakachonga vipande 26,300, kila kimoja kikatiwa alama yake, vikasafirishwa London na kupangwa bila nguzo za chuma. Watoto wa jumuiya walizunguka mitaani wakiokota makopo ya alumini, wakayauza, fedha zikaingia katika ujenzi. Tarehe 20 Agosti 1995 Pramukh Swami Maharaj, mrithi wa Yogiji, akalifungua.

Kuna wanaosema Neasden limepitwa, kwa kuwa lile la Robbinsville, New Jersey, lililofunguliwa 2023, ni kubwa kuliko hilo. Ukubwa wauchukue. Utangulizi hauchukuliki: kwa mawe ya kuchongwa kwa mtindo wa kale, Neasden ndilo la kwanza Ulaya.

Humo arti, yaani ibada ya taa, hufanywa mara tano kwa siku, kuanzia alfajiri hadi usiku. Viatu huachwa nje; wanaume hukaa upande wao na wanawake wao, na taa za samli huzungushwa mbele ya sanamu huku kengele zikilia. Siku ya Diwali wafanyabiashara huleta vitabu vyao vya hesabu vibarikiwe kwa ajili ya mwaka mpya, na siku hizi kompyuta za mkononi hupangwa safu moja na vitabu hivyo.

Kisha huja Annakut, siku ya mwaka mpya, fahari ya Neasden. Vyakula visivyo na nyama, kitunguu wala kitunguu saumu hupangwa ngazi kwa ngazi mpaka miguuni pa sanamu: ladu, wali, mboga, matunda, vitafunio. Mwaka 2000 vilihesabiwa 1,247, vikaingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Waumini huimba nyimbo za kuikaribisha miungu mezani, arti hufuata, kisha chakula kilichobarikiwa hugawiwa watu.

Tarehe 29 Agosti 1999 Pramukh Swami alifungua Nairobi hekalu la minara, la mawe ya njano ya Jaisalmer. Basi atakayeandika nasaba ya mahekalu haya aiandike kwa mpangilio wake: Mombasa 1955, Kampala, Jinja na Tororo 1960, Islington 1970, Neasden 1995, Nairobi 1999.