Wimbo Kabla ya Sahani: Tatizo la Istilahi katika Historia ya Kurekodi Nyimbo

Miongoni mwa maneno tuliyoletewa na walimu wa muziki wa Songea ili tuyatafutie istilahi, limo moja ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni dogo mno. Neno lenyewe ni demo. Walimu hao wanaeleza kwamba wanafunzi wao hulitumia kila siku kwa maana ya wimbo uliorekodiwa mara ya kwanza, si kwa kuuzwa, bali kwa kumsikilizisha mtayarishaji au wanamuziki wenzao, kisha ukafanyiwa kazi mpaka ukawa rekodi kamili. Je, Kiswahili hakina jina lake?

Swali hili haliwezi kujibiwa kwa kufungua kamusi tu. Istilahi hufuata kitu, na kitu hiki kimekuwa na sura mbalimbali katika nchi yetu. Hatuna budi basi kuipitia historia yake, japo kwa ufupi.

Tuanze hapo hapo Ruvuma. Katika lizombe ya Wangoni, au mganda unaochezwa na watu wa mwambao wa Ziwa Nyasa, wimbo hauna siku ya kumalizika. Mganda ni jamaa wa beni, ngoma iliyoiga gwaride na vyeo vya askari, ikasambazwa sana na wanajeshi na wapagazi baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Wachezaji hujipanga safu, na vibuyu vya kupuliza hushika nafasi ya matarumbeta. Mtunzi huleta ubeti, wenzake huupokea, na msimu ufuatao ubeti ule ule huongezwa habari mpya au jina la kijiji kingine. Hapa hakuna rasimu kwa sababu hakuna nakala ya mwisho. Mtu akiuliza wimbo ule ulikuwaje kabla haujakamilika, ataonekana ameuliza jambo lisilo na maana.

Maili chache kutoka mji wa Songea mambo yalikuwa kinyume. Peramiho, misheni iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1898, ilileta muziki wa kuandikwa kwa nota. Padre Stephen Mbunga wa huko huko Peramiho alitunga Misa Baba Yetu mwaka 1959, na mwaka 1963 akatoa kitabu cha kitaalamu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Kwa mtunzi wa namna hii neno mswada linatosha kabisa. Karatasi ipo, mistari iliyofutwa inaonekana, na atakaye kujua wimbo ulivyokua atalinganisha karatasi na karatasi.

Lakini nyimbo nyingi za Kiswahili zilizopata kuingia katika sahani hazikupitia karatasi ya nota. Siti binti Saad wa Unguja, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, hakujua kusoma wala kuandika, na nyimbo alizibeba kifuani. Kutokana na sahani zile na nyingine za wakati huo watu wetu walizoea neno santuri, ambalo kwa asili ni jina la ala ya nyuzi ya Mashariki ya Kati. Ala ikatoa jina kwa mashine, kisha mashine kwa sahani. Tunalitaja kwa kuwa linaonyesha jinsi wasemaji wasivyongoja kamati, na aghalabu hawakosei.

Kipindi chenye mafunzo makubwa zaidi kwa suala letu ni kile cha bendi za dansi, kuanzia miaka ya 1960 hadi 1980. Mwimbaji alifika mazoezini na maneno pamoja na mahadhi, akawaimbia wenzake. Gitaa la solo likatafuta njia yake, ridhimu na besi zikafuata, wapuliza tarumbeta wakaambiwa mahali pa kuingia. Katika Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa mwaka 1978, kazi ya kuzipanga sauti hizo ilikuwa hasa ya Michael Enoch, ingawa watunzi walikuwa waimbaji mbalimbali. Baada ya hapo wimbo ulipelekwa ukumbini, mbele ya wachezaji, na wachezaji walikuwa mahakimu wakali. Sehemu ya mwisho ya kasi, ambayo wanamuziki waliiita chemko, ilirefushwa au kupunguzwa kwa kadiri watu walivyoipokea.

Ndipo safari ya Radio Tanzania Dar es Salaam ilipofuata, na hapo wimbo ulikuwa na rasimu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya maandishi, kwa kuwa maneno yalipitiwa kabla bendi haijaruhusiwa kurekodi. Ilitazamwa maadili na pia lugha, na ubeti ulioonekana kuwa na kasoro uliweza kurudishwa kwa mwenyewe. Ya pili ilikuwa ya sauti, nayo haikuhifadhiwa popote isipokuwa vichwani mwa wanabendi. Studioni ala na waimbaji walinaswa kwa pamoja katika utepe. Aliyekosea katikati aliwarudisha wote mwanzo. Kwa hiyo kazi ambayo leo hufanywa kwa kurekodi mara ishirini, wakati ule ilikwisha kufanywa ukumbini. Kwa bendi za mikoa ya mbali kama Ruvuma, ambako barabara ya lami kutoka Makambako ilifika katika miaka ya 1980 tu, safari hiyo haikuwa jambo la kurudiwa-rudiwa.

Utepe ulibaki redioni. Waliotaka sahani ya kuuza walikwenda Nairobi, kama alivyofanya Mbaraka Mwinshehe, kwanza akiwa na Morogoro Jazz na baada ya 1973 akiwa na Super Volcano, hadi alipofariki Januari 1979. Sahani ndogo ilichukua dakika chache kila upande. Wimbo mrefu wa ukumbini ukakatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande mmoja na ya pili upande mwingine. Msikilizaji wa nyumbani akadhani ndivyo ulivyotungwa.

Huenda msomaji akauliza, haya yana faida gani kwa mfasiri au mtumishi wa serikali? Na atazame ugomvi juu ya wimbo Malaika. Fadhili William wa Kenya ndiye aliyeutangaza kwa sahani, na Miriam Makeba akaupeleka duniani kote. Adam Salim, Mtanzania, alidai kuwa aliutunga mwaka 1945 alipokuwa Nakuru, na wengine nao walikuwa na madai yao. Sahani ipo. Kilichotangulia sahani hakina shahidi. Sisi hatuna mamlaka ya kuamua kesi hiyo, wala hatutajaribu. Tunaona tu kwamba rekodi ya mwisho humtaja aliyeingia studioni, na aliyeanza hutegemea kumbukumbu za majirani. Sheria yetu Na. 7 ya mwaka 1999 imetupa maneno hakimiliki na hakishiriki, nayo hulinda kazi kwa kule kutungwa kwake tu. Lakini siku ya shauri mtu ataulizwa alete ushahidi, na karani ataandika nini katika orodha ya vielelezo iwapo kitu chenyewe hakina jina?

Kaseti na kisha kompyuta zimepindua utaratibu. Kijana wa leo mara nyingi hupata biti kwanza, akatafuta maneno baadaye, na kila hatua hubaki katika simu yake. Rasimu zimekuwa nyingi kuliko nyimbo.

Kwa kitu hiki tumependekezewa wimbo wa majaribio na wimbo wa mfano. La kwanza linapotosha, maana anayejaribiwa ni wimbo au mwimbaji? La pili ni baya zaidi, kwa kuwa mfano ni kitu cha kuigwa. Sisi tunaelekea kwenye rasimu, neno lililokwisha kuzoeleka katika maofisi kwa hati isiyopitishwa. Tungesema rasimu ya wimbo kwa jumla, na pale inapobidi kutofautisha, rasimu andishi na rasimu ya sauti. Kilichokamilika kiitwe rekodi kamili, na neno albamu libaki kama lilivyo kwa mkusanyiko.

Hata hivyo tunasita jambo moja. Wanabendi wa zamani hawakukosa neno kwa wimbo uliokuwa bado ukipikwa ukumbini. Tunawaomba walimu wa Songea, na wasomaji wa mikoa mingine, wawaulize wazee hao walisemaje, kisha watuandikie kabla kamati ya istilahi haijakutana. Likipatikana neno linaloishi, rasimu italipisha.