Nani Anamkumbushia Mzee Dawa? Funzo Kutoka Historia ya Arua na Koboko



Sifa zote njema ni za Allah Subhaanahu Wata'ala, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), Ahli zake na Swahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu wasomaji, katika nyumba nyingi za Arua na Koboko leo yupo mzee mwenye mfuko wa dawa. Ndani yake kuna bahasha ndogo ndogo zilizoandikwa 1x2 au 1x3, nyingine za shinikizo la damu, nyingine za kisukari. Bahasha zinafanana, macho ya mzee yamepungua nguvu, na mara nyingi hakuna wa kumsomea. Akisahau tunamlaumu kwamba uzee umemwingia. Katika makala hii tunataka kuonyesha kwa ushahidi wa historia kwamba hapa kwetu West Nile, maradhi makubwa yaliposhindwa, mgonjwa hakuachiwa akumbuke dawa peke yake.

MALALE

Wazee wetu wanayajua malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Ulikuwa ukidhibitiwa kwa kupima watu kijiji kwa kijiji. Kisha zikaja vita za 1979 na 1980. Watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan, huduma za afya zikavunjika, na waliporejea katika miaka ya 1980 ugonjwa uliwaka upya. Kwa mgonjwa ambaye vimelea vilikwisha kuingia kwenye ubongo, dawa iliyotegemewa ilikuwa sindano yenye asili ya aseniki, ambayo yenyewe iliweza kumuua baadhi ya waliochomwa. Alilazwa hospitali, na muuguzi ndiye aliyeshika hesabu ya siku na dozi.

Kuanzia 1995 hadi 2002 Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) waliendesha kituo cha malale huko Omugo, wakati ule ikiwa wilaya ya Arua. Hapo ndipo palipofanyiwa mmoja wa majaribio ya kuchanganya dawa yaliyosaidia kupata tiba salama zaidi, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa maoni ya kukubali vidonge vya fexinidazole, ambavyo humezwa mara moja kwa siku kwa siku 10. Lakini angalieni sharti lake: mgonjwa ale kwanza, na kila dozi isimamiwe na mhudumu aliyefundishwa, hata pale anaporuhusiwa kutibiwa nyumbani. Sindano imekuwa kidonge, na bado yupo mtu wa kusimamia. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa malale ya aina hii si tishio tena kwa afya ya umma nchini Uganda. Alhamdulillah.

UPOFU WA MTONI

Mfano wa pili uko karibu zaidi na nyumba zetu. Upofu wa mtoni, au usubi, huletwa na inzi weusi wadogo wanaozaliana katika mito yenye maji ya kasi. Mwaka 1987 kampuni ya Merck ilitangaza kutoa bure dawa ya Mectizan kwa muda wote itakapohitajika. Dawa hii huua vijidudu vichanga, lakini mnyoo mkubwa hubaki hai mwilini miaka mingi na kuendelea kuzaa. Kwa hiyo kumeza mara moja hakutoshi. Lazima watu warudie mwaka baada ya mwaka, hata yule asiyehisi kuumwa. Na mtu asiyeumwa ndiye mwepesi wa kusahau.

Suluhisho lilikuwa kukabidhi kazi kwa wanakijiji wenyewe. Jamii ilimchagua mgawaji wake, akapewa daftari lenye majina ya kila nyumba na kijiti cha kupimia urefu, kwani idadi ya vidonge hutegemea kimo cha mtu. Hakuhitaji mizani wala shahada. Dkt. Moses Katabarwa na wenzake waliofanya utafiti Uganda walionyesha kwamba kazi ilikwenda vizuri zaidi pale wagawaji walipohudumia ukoo wao wenyewe. Sababu yake sisi tunaielewa: mtu wa ukoo anajua nani yuko shambani, nani amelala ndani, na bibi gani atakataa mpaka aombwe na mjukuu wake.

Mwaka 2007 Uganda iliamua kuung'oa kabisa ugonjwa huu, dawa ikatolewa mara mbili kwa mwaka katika maeneo yaliyolengwa. Miaka iliyofuata maambukizi yalikatika Wadelai na Maracha-Terego. Wadelai ni pale kando ya Nile ambapo Emin Pasha, gavana aliyekuwa pia daktari, aliweka makao yake mwaka 1885. Wajukuu wa askari wake ndio hawa ndugu zetu Wanubi wa Arua, Koboko na Bombo.

KIFUA KIKUU

Mfano wa tatu unatoka kwa jirani zetu Tanzania. Huko, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, Dkt. Karel Styblo alisaidia kujenga mpango wa taifa wa kifua kikuu ambapo mgonjwa alimeza dawa mbele ya mhudumu. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliueneza utaratibu huo duniani kote. Baadaye, kuanzia 2006, Tanzania ikamruhusu mgonjwa kumchagua msimamizi wake wa nyumbani: mke, mume, mtoto au jirani. Yaani serikali yenyewe ilikubali kwamba jicho la mtu wa nyumbani linaweza kufanya kazi ya jicho la muuguzi.

SASA ZAMU YETU

Ndugu zetu, shinikizo la damu na kisukari ni tofauti na maradhi hayo kwa jambo moja kubwa: dawa zake ni za kila siku, na mara nyingi ni za maisha yote. Hakuna mgawaji atakayegonga mlango kila asubuhi. Timu za Afya za Kijiji (VHT), zilizoanzishwa Uganda mwaka 2001, zina nyumba nyingi za kuzungukia. Daftari na kijiti sasa viko mikononi mwetu, na mzee akikosa dawa zake anaweza kupatwa na kiharusi.

Basi tufanye haya:

1. Achaguliwe mtu mmoja nyumbani awe mshika dawa. Kazi ya wote huwa si kazi ya mtu. Mtoto wa madrasa anayejua kusoma anaiweza kazi hii, mradi mtu mzima amkague.

2. Awe na daftari, na aweke alama kila mzee anapomeza. Daftari hilo liende naye kliniki.

3. Tufunge dawa na nyakati za swala, baada ya kukubaliana na muuguzi. Arua iko karibu na Ikweta, nyakati zetu hazibadiliki sana mwaka mzima. Dawa ya mara mbili inaweza kuwa baada ya Alfajiri na baada ya Magharibi.

4. Dozi ikipita, asimeze mbili kwa pamoja kufidia bila kumuuliza mhudumu. Wala asiache dawa kwa kuwa anajisikia mzima, kwani shinikizo la damu mara nyingi halina dalili.

5. Kabla ya Ramadhani, apelekwe kwa daktari mapema. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na mwenye kisukari asibadilishe saa za dawa kwa kukisia.

Wazee hawa ndio waliotubeba mgongoni njia yote ya kwenda na kurudi uhamishoni. Kuwasomea bahasha asubuhi na jioni ni sehemu ya wema kwa wazazi tunaoufundisha kila siku madrasani.

Tunamuomba Allah awape wazee wetu shifaa, na atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuwahudumia. Aamin.

Wabillahi Tawfiq.